Fundi wa Kuba Iliyofukiwa

Tofali lililoiva likigongwa hulia. Lisiloiva husema "bu" likanyamaza. Fundi ninayemwandika hapa aliyagonga matofali yake yote kwa mpini wa mwiko, moja moja, asubuhi nzima, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa ukingoni mwa shimo. Yaliyolia aliyapanga kushoto. Yaliyonyamaza aliyasukuma kulia, na kijana wake, saidia fundi, akayabeba kwenda kuyarundika mbali chini ya mchungwa, yasije yakarudi kwa bahati mbaya. Jua lilipofika utosini rundo la kulia lilikuwa limekua kiasi cha kumtia mwenye nyumba wasiwasi, maana kila tofali lile alilinunua kwa fedha ya maziwa.

"Bi mkubwa," fundi alimwambia bila kuinua kichwa, "haya hayapotei, yatajenga banda la kuku. Kuku utamfungia kwa tofali lolote. Gesi hapana."

Ilikuwa mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma, nje kidogo ya mji wa Muheza, upande ule ambao barabara inaelekea milima ya Amani. Uani palikuwa na michungwa, zizi la ng'ombe wawili wa maziwa lenye sakafu ya zege, na shimo la mviringo ambalo kina chake kilimpita mtu. Nilikwenda kutazama mtambo wa bayogesi unavyojengwa. Nilidhani nitakaa saa mbili, nipate maelezo, nirudi Tanga kwa basi la jioni. Nilirudi kweli, lakini kesho yake alfajiri nilikuwa tena ukingoni mwa shimo, na kesho kutwa, mpaka kazi ikaisha.

Kilichonirudisha ni umbo lenyewe. Sisi wa pwani tunaijua kuba. Kule Kilwa Kisiwani msikiti mkuu wa kale ulifunikwa kwa kuba na matao, na karibu yake upo msikiti mdogo wa kuba wa karne ya 15. Kwetu huku, ukishika njia ya Pangani, unafika Tongoni ambako kuta za matumbawe na chokaa na makaburi ya minara yamedumu karne kadhaa bila mfuko hata mmoja wa saruji. Mababu walijua kulifunga paa kwa jiwe na chokaa. Lakini kuba ya msikiti hujengwa ionekane. Ya fundi huyu ikishakamilika hufukiwa udongo, ikaota majani, watoto wakacheza juu yake. Atakayekuja mwaka mmoja baadaye ataona kifuniko kidogo na bomba jembamba linaloelekea jikoni.

Basi nilitaka kuiona kabla haijafukiwa.

Katikati ya shimo alisimamisha bomba la chuma, akalisawazisha kwa timazi, akalizungushia nguzo ndogo tatu lisicheze. Chini kabisa ya bomba palikuwa na msumari, na kwenye msumari alifunga waya ule wa kufungia nondo, urefu wake karibu mita moja na nusu, ncha yake imekunjwa kitanzi. Nilimuuliza kwa nini si kamba. Alijibu kwamba ya nailoni huvutika na ya katani hunywa maji ikajikunyata, na yeye anataka kitu ambacho asubuhi na jioni kinasema neno lile lile. Kutoka hapo kila tofali liliwekwa kwa hukumu ya ule waya. Ncha iguse uso wa tofali. Isipogusa, linasogezwa. Ikisukumwa, linarudishwa. Na haitoshi ligusane na kitanzi, ni lazima pia lielekeze uso wake kule chini kwenye msumari. "Yote yanautazama msumari," alisema. Nilipoinama nikaangalia kwa jicho lake, niliona kweli, mamia ya nyuso nyekundu zimegeukia nukta moja, kama watu walioketi kumsikiliza mtu mmoja.

Hakuna mbao. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, maana nimezoea kuona zege likimwagwa juu ya mbao na kusubiriwa likauke. Hapa matofali yamesimamishwa kwa ubavu, kuta zote ni nyembamba kama upana wa kiganja, na kadiri zinavyopanda zinazidi kuinamia ndani mpaka kila tofali jipya linataka kuanguka kabla udongo wa saruji haujalishika. Dawa yake ni kulabu. Amezikunja mwenyewe kwa nondo nyembamba. Upande mmoja hulishika tofali usoni, na upande wa pili, nje ya ukuta, unaning'iniza tofali jingine kwa kamba liwe uzito. Tofali linakaa limeshikwa kama mtoto aliyeshikwa mkono kwenye ngazi. Akishaliweka la jirani na la jirani yake, kulabu ya kwanza inahamia mbele. Anazunguka hivyo, hatua kwa hatua, na wakati wote mzunguko ule ni dhaifu na unahitaji kushikwa, mpaka tofali la mwisho linapoingizwa kwa nguvu kidogo na duara likafunga. Hapo anaondoa kulabu zote kwa mara moja. Hakuna kinachotikisika. Mstari uliofunga duara unajibeba wenyewe, na tena unaubeba ule unaofuata.

Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara, kabla ya kuondoa kulabu hizo, alinyamaza. Hata mazungumzo ya mpira na kijana wake yalikatika.

Lakini nimeruka jambo lililotangulia, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Kabla kuba haijaanza kuinama sana, fundi alisimama, akachanganya karai moja la udongo tofauti. Mchanga ulikuwa mwingi mno na saruji kiduchu. Mimi nisiye fundi niliona kwamba udongo ule haufai. Aliulaza mzunguko mzima, safu moja tu, akaendelea. Juu ya safu ile akafunga mkanda wa zege imara wenye nondo ndani yake, na juu ya mkanda huo ndipo sehemu ya gesi ikaanza.

Safu ile dhaifu imewekwa kwa makusudi. Mtambo ukijaa, tani kadhaa za tope zinakalia chini na kusukuma kuta, na ardhi nayo haikai kimya, masika inavimba, kiangazi inanywea. Ufa utatokea chini, na tabia ya ufa ni kupanda. Ukifika kwenye safu laini, badala ya kuendelea juu unageuka na kukimbia kwa ubavu, ukiufuata udongo mwepesi, na hapo unakomea. Hapo ni eneo la tope, na tope lenyewe huziba tundu. Kule juu, penye gesi, mkanda wa nondo umekaa kama msingi wa nyumba ya pili, na ufa hauruhusiwi kuuvuka. Wahenga walitwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi huyu anajenga ukuta akijua ufa uko njiani, na ameshautengenezea mahali pa kulala.

"Ufa utakuja tu, mwanangu," aliniambia. "Mimi kazi yangu ni kuuonyesha njia."

Ubunifu huu haukuanzia kwake wala hajidai hivyo. Tanzania ilianza na mtambo wa namna nyingine. Mwaka 1975 Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lilianza kujenga mitambo ya mtindo wa India, yenye pipa kubwa la chuma linaloelea juu ya tope, likipanda gesi ikijaa na kushuka ikitumika. Ni mtambo unaoeleweka kwa macho, lakini chuma ni ghali na huliwa na kutu, na anayeishi karibu na bahari anajua hewa ya chumvi inavyotafuna hata bawaba za mlango. Miaka ya 1980 kituo cha CAMARTEC pale Arusha, kikishirikiana na Wajerumani wa GTZ, kilichukua kuba ya Wachina na kuitengeneza upya kwa matofali, kwa mikono ya waashi wa hapa, bila pipa na bila kitu cha kutoa kutu. China ilikuwa imejenga kuba kama hizo kwa mamilioni katika miaka ya 1970, na nyingi zikavuja. Mkanda dhaifu na mkanda imara ndio jibu lililopatikana Arusha. Kuanzia mwaka 2009 ukaja mpango wa taifa wa bayogesi za majumbani, chini ya CAMARTEC hiyo hiyo, kwa msaada wa mashirika ya Kidachi ya SNV na Hivos, ukafundisha waashi mikoani na kujenga mitambo kwa maelfu. Fundi wetu alijifunza kwa waliopita katika mafunzo hayo, kwa kuwabebea udongo kwanza.

Tanga ilikuwa tayari kuupokea mtambo huu kwa sababu ya maziwa. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Uholanzi, mkoa ulianza kugawa mitamba ya kisasa kwa wakulima wadogo, anayepewa analipa kwa kurudisha mtamba, na ng'ombe wakafugwa zizini kwa kuletewa majani. Miaka ya 1990 wafugaji wakapata chama chao kikuu cha ushirika na kiwanda cha Tanga Fresh. Ng'ombe wa zizini ana faida ambayo ng'ombe wa malishoni hana, mavi yake yote yako mahali pamoja. Hesabu yake nilifanyiwa na fundi kwa kijiti mchangani. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa kilo 15 hadi 20 kwa siku. Kilo moja, ikipata maji na joto na wakati, inatoa takriban lita 40 za gesi. Ng'ombe wawili wa bi mkubwa, basi, ni hadi lita 1,600 kila siku, na jiko la plate moja hula lita 350 au 400 kwa saa. Hapo kuna chai ya asubuhi, maharage, ugali na mboga, na maji ya kuoga ya mjukuu. Kwa lugha ya vituo vya mafuta, ni karibu lita moja ya dizeli inayochotwa kila siku kutoka kwenye sakafu ya zizi.

Inadai pia. Samadi huchanganywa na maji sawa kwa sawa, ndoo kwa ndoo, na mahali ambapo maji yanabebwa kichwani hilo si jambo dogo. Fundi alikataa kujenga kwa jirani mmoja mwenye ng'ombe mmoja na bomba linalotoa maji mara mbili kwa wiki. Alimwambia wazi kwamba atapokea fedha yake na kumwachia kaburi. Niliheshimu sana jibu hilo, kwa sababu nyumbani kwetu tuliwahi kuachiwa kaburi kama hilo.

Baba yangu mdogo, aliyefuga kule Pongwe, alijengewa mtambo na mtu aliyekuwa mwashi mzuri wa nyumba lakini hajawahi kujenga kuba. Miezi ya kwanza moto uliwaka. Kisha ukaanza kufifia, halafu ukawa wa kuchemshia chai tu, halafu ukazima, na ng'ombe walikuwa wale wale, maji yale yale. Mama mdogo akarudi kwenye mkaa. Miaka mingi lile shimo lilikuwa fedheha ya familia, na kila aliyesikia neno bayogesi nyumbani kwetu alisema ni mambo ya wazungu, hayafai. Siku ilipofumuliwa ndipo ulipoonekana ufa mwembamba kama unywele, pale bomba la gesi lilipopita kwenye lipu. Unywele tu ndio ulioipokonya nyumba moto wake. Na hasara haikuishia jikoni: methani inayotorokea hewani, kwa hesabu ya miaka 100, hulipasha joto anga karibu mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Mtambo unaovuja unaidhuru dunia ambayo ulijengwa kuisaidia.

Kwa hiyo siku ya lipu nilifika mapema.

Ukuta unaozuia maji si lazima uzuie gesi. Methani hupenya mahali ambapo maji yanakwama, na ndani ya kuba husukuma kwa nguvu inayoweza kuinua maji hadi karibu mita moja. Tofali peke yake haliwezi. Kazi yote ya kuizuia iko kwenye ngozi ya ndani, na ngozi hiyo inapigwa kwa mikono saba: niru ya saruji na maji kwa brashi, lipu, niru tena, lipu iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, niru, lipu laini, niru ya mwisho. Yote saba inapigwa bila kukatisha, ndani ya siku moja, maana mkono mpya lazima uukute wa chini bado una unyevu ili washikane wawe kitu kimoja. Ukilala ukaamka, umepiga ngozi mbili zinazogusana tu.

Waliingia kwa mlango wa juu baada ya swala ya alfajiri, yeye na kijana, na taa moja. Kutoka nje nilisikia mwiko ukikwaruza, pumzi, na mara kwa mara neno "hapa." Ndani mlikuwa moto kama tanuri la mkate. Aliponiruhusu kushuka, adhuhuri, nilimkuta ameilaza tochi ubavuni mwa ukuta, nuru ikiteleza juu ya lipu badala ya kuipiga usoni. Kwa nuru ya namna hiyo kila kitundu kinatoa kivuli kirefu. Akikiona, anakigusa kwa mgongo wa mkono, si kwa kidole, kwa sababu kidole cha mwashi kimekufa ganzi kwa saruji na mgongo wa mkono bado unasikia. Kisha anakijaza, anasugua kwa kipande cha sponji, analaza tochi tena. Pale bomba la gesi linapopita alisugua muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikamkumbuka baba yangu mdogo.

Siku ya pili, lipu ilipokauka, aliyeyusha nta ya mishumaa kwenye kopo na kuipaka sehemu yote ya gesi. Nta hiyo ni zao la petroli. Nililiona jambo hilo na nikalitafakari, kwa sababu kaskazini mwa mji wa Tanga, pale Chongoleani, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, bomba linalolazimika kupashwa joto njia nzima kwa kuwa mafuta yale yana nta nyingi na yakipoa yanaganda. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017 na marais wawili, na vijana wengi ninaowajua walipata kibarua huko. Siwezi kuwaombea vibaya. Wala kuba yenyewe haina mikono safi kabisa. Simenti ya Pongwe hutoka kwenye tanuri linalokula makaa ya mawe, na matofali ya Muheza yamechomwa kwa kuni. Ila deni la kuba hulipwa mara moja tu, siku ya kujenga. Baada ya hapo, ikiwa fundi hakukosea, itawasha jiko miaka mingi bila kuhitaji meli wala kisima cha mafuta, na tope linalotoka nje linarudi shambani likiwa mbolea nzuri kuliko lilivyoingia.

Mkoa huu umewahi kuonyesha kitu kama hicho kwa kipimo kikubwa. Mkonge uliingia Pangani mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka kwa hiyo ikatoka Tanga yote ya mashamba, manamba na korona za kutolea singa. Lakini katika jani la mkonge singa haifiki hata asilimia tano. Iliyobaki, maji ya kijani na nyama ya jani, kwa zaidi ya miaka 100 ilimwagwa mitaroni ioze. Ni pale Hale, katika shamba la kampuni ya Katani, ndipo kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa ulipojengwa mtambo wa kuyageuza mabaki ya korona kuwa gesi na gesi kuwa umeme, jenereta ya kilowati 150. Hale hiyo hiyo ina kituo cha umeme wa maporomoko chenye uwezo wa megawati 21 tangu mwaka 1964, na kilowati 150 mbele yake ni kidogo mno. Mimi nazihesabu kwa namna nyingine: zilitoka kwenye kitu ambacho babu zetu walikanyaga wakiziba pua.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa usio salama. Nimeufurahia. Macho ya mama yangu yaliharibiwa na moshi, kwa hiyo sina upole na kuni. Lakini nikisikia mazungumzo ya utekelezaji, nasikia zaidi mitungi, mitungi mingapi imegawiwa wilaya gani. Mtungi ni msaada wa kweli kwa mtu wa ghorofani asiye na zizi. Gesi yake, hata hivyo, inakuja kwa meli na inakwisha tarehe 20 kabla mshahara haujafika. Natamani katika hesabu zile pawe na safu ya mafundi. Wako wangapi Muheza wanaoweza kuifunga kuba bila mbao? Nani amewafuata kuwakagua, nani anawalipa kurudi kutazama mtambo wa mwaka jana? Fundi huyu ana umri wa kustaafu na kijana mmoja tu wa kumbebea udongo. Kijana anajua kulabu. Lipu bado haruhusiwi kugusa.

Kuba ilipofungwa, ulibaki mlango wa juu. Katika mtindo ule wa kwanza wa CAMARTEC, ambao yeye hajauacha, mlango huzibwa kwa kifuniko cha zege chenye umbo la koni kinachokaa kwenye shingo iliyochongwa sawasawa nacho, na kati ya kifuniko na shingo hakuna mpira wala gundi. Kuna udongo wa mfinyanzi. Aliuagiza kwa mama mmoja anayefinyanga vyungu, akaukanda kwa maji kidogo kidogo kama anayekanda chapati, akitoa kila chembe ya mchanga kwa kucha, akauviringisha uwe kamba nene na kuulaza kwenye shingo. Kifuniko kilishushwa, watu wawili wakakikalia. Kisha juu yake, kwenye shingo, akamimina maji. Maji yana kazi mbili: yanazuia udongo usikauke ukapasuka, na yanatoa habari. Gesi ikipenya, povu litapanda.

Kabla ya kutia samadi alijaribu kwa hewa. Alijaza maji chini mpaka hewa iliyobaki juu ikabanwa, akaunganisha kwenye bomba mpira mwembamba wa kuona ndani, ulioinamishwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi. Alifunga uzi mwekundu pale maji yaliposimama. Ilikuwa alasiri. Mimi nilitaka tuangalie asubuhi. Akasema hapana, usiku hewa hupoa ikanywea, maji yatashuka hata kama hakuna tundu, tutamsingizia mtu bure. Tuangalie kesho saa ile ile, jua likiwa pale pale. Kesho alasiri maji yalikuwa kwenye uzi. Hakusema kitu. Aliufungua uzi, akauviringisha kwenye kidole na kuutia mfukoni.

Majirani walileta samadi kwa toroli siku nne. Fundi mwenyewe alileta dumu moja la tope kutoka mtambo alioujenga miaka ya nyuma upande wa Mkanyageni, akalimimina kwanza, likiwa hamira ya kuuchachusha mpya. Tope la mtambo ule nalo lilitiwa hamira kutoka mwingine uliotangulia, na huo kutoka mwingine. Joto la pwani lilifanya lililobaki. Kule Lushoto kwenye baridi, alisema, angejenga kubwa zaidi na kungoja zaidi.

Gesi ya kwanza haiwaki, hewa ukaa ni nyingi mno, inaachiwa iende. Nilipigiwa simu wiki ya nne. Nilipofika, jiko la bi mkubwa lilikuwa na watu mpaka mlangoni, majirani, mashemeji, watoto wamebebana. Mjukuu aliwasha kiberiti. Ulitoka moto wa buluu, mfupi, wenye meno sawasawa, bila moshi na bila harufu, na bi mkubwa akasema "Alhamdulillah" mara tatu, kisha akateleka sufuria ya chai bila kungoja tumalize kushangaa.

Nilimtafuta fundi nimpe mkono, sikumwona. Nilimkuta uani, peke yake, amepiga magoti juu ya udongo unaofunika kazi yake, uso karibu unagusa maji ya shingoni. Alikuwa akitazama. Nilisimama nyuma yake kimya, muda mrefu kidogo, mpaka nami nikaona kile alichokuwa akikiona: maji yametulia, na ndani yake kipande cha mbingu na tawi la mchungwa.

Aliinuka, magotini kuna tope. "Haipumui," akasema, na akamwita kijana amletee maji ya kunawa.